Swali la Pili katika Salamu: Uhakiki wa Maamkizi ya Kisarawe na Kibaha

Tangu Edward Steere alipotoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, maamkizi yamekuwa na mahali pa heshima katika vitabu vya namna hiyo. Lakini aghalabu huanzia katika ukurasa mmoja na kwisha katika ukurasa huohuo. Mwanafunzi hupewa "hujambo" na jibu lake "sijambo"; huongezewa "habari gani" na jibu lake "njema"; kisha huambiwa kwamba wenyeji hupenda kuyarudia maneno hayo kwa kadiri ya nafasi waliyo nayo. Hukumu hiyo ya mwisho ndiyo inayotaka kupimwa. Yachukua kwamba salamu imekamilika katika swali la kwanza na jibu lake, na kwamba yote yafuatayo ni marudio matupu, mapambo ya adabu ambayo mtu mwenye haraka aweza kuyaacha bila hasara. Maamkizi yanavyosikika katika wilaya za Kisarawe na Kibaha yaonyesha kinyume chake: swali la kwanza ndilo tupu, na swali la pili ndilo lenye shehena.

Wilaya hizo mbili za Mkoa wa Pwani zapakana na Dar es Salaam, na kwa sehemu kubwa zimo katika nchi ya Wazaramo, lakini mazingira yake ya mazungumzo si mamoja. Kisarawe iko katika vilima vya Pugu, na vijiji vyake kama Masaki, Msanga na Maneromango ni mahali ambapo watu hujuana kwa ukoo, kwa shamba na kwa ujomba. Kibaha iko kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam, na ni makao makuu ya mkoa. Mwaka 1963 ulianza hapo mradi wa elimu, afya na kilimo uliosaidiwa na Denmark, Finland, Norway na Sweden. Mwaka 1970 mradi huo ulikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Tangu hapo wanafunzi, walimu, wauguzi na watumishi wa kila kabila wamekutana mahali hapo. Kwa hiyo salamu ya Kisarawe mara nyingi ni ya watu wanaojuana, na ya Kibaha mara nyingi ni ya watu wasiojuana. Yafaa kuona kama swali la pili lafanya kazi moja katika mahali pote pawili.

Kwanza, na tulitazame neno lenyewe. "Hujambo" ni neno la kukanusha. Ndani yake mna "jambo," maana yake shauri, shida au tukio, na kiambishi cha kukana. Anayeuliza hujambo hasemi, "Una nini?" Asema, kana kwamba amekwisha kujua, "Huna neno, sivyo?" Na anayejibu sijambo hukana vilevile: hana neno. Sarufi ya swali hili yaufunga mlango wa taarifa kabla haujagongwa. Mtu aliyefiwa jana husema sijambo. Mwenye homa husema sijambo. Aliyegombana na ndugu yake asubuhi ileile husema sijambo. Hapana hata mmoja miongoni mwao aliyesema uongo, kwa maana hakuulizwa habari zake. Aliulizwa kama yuko tayari kuzungumza, naye akajibu kwamba yuko tayari.

Kosa la vitabu vingi lakaa hapo. Vyachukua kibali cha mazungumzo kuwa ndiyo mazungumzo. Kamusi nazo haziwezi kusaidia sana, kwa sababu kazi ya kamusi, tangu ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 hata hizi za siku zetu, ni kueleza neno moja moja. Na maana ya salamu haimo katika neno moja moja bali katika mfuatano. Katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 chini ya jina la Carl Velten, na ambacho sehemu yake kubwa yatokana na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin, msomaji hukutana na adabu za pwani zikisimuliwa na mwenyeji kama mwenendo mzima wa maisha. Njia hiyo ya kueleza mwenendo mzima ndiyo iliyopotea pale mabwana wa sarufi walipoikata salamu vipandevipande ili iingie katika zoezi.

Mfano ufuatao umetungwa kwa kufuata mwenendo wa kawaida wa maamkizi ya Kisarawe. Kijana atokaye Mlandizi amefika nyumbani kwa shangazi yake.

"Hodi hapa. Hodi."
"Karibu."
"Shikamoo, shangazi."
"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"
"Sijambo."
"Watoto hawajambo?"
"Hawajambo."
"Habari za huko Mlandizi?"
"Njema tu."
"Na mama yako je?"
"Hajambo kidogo."
"Kidogo! Kwani alikuwaje?"

Msomaji mwenye haraka ataona hapa maswali manne yaliyo sawa na majibu manne yaliyo sawa. Lakini jibu la nne limebeba neno moja lisilokuwamo katika matatu ya kwanza, nalo ni "kidogo." Katika Kiswahili cha pwani mgonjwa aliyepata nafuu husemwa kuwa hajambo, na asiyepona sawasawa husemwa kuwa hajambo kidogo. Kwa neno hilo kijana amekwisha kusema kwamba nyumbani kuna ugonjwa, wala hakuivunja adabu ya kujibu vyema. Shangazi naye alilidaka neno hilo na kulirudisha kwa sauti ya mshangao. Tangu hapo salamu imekwisha na habari imeanza.

Na tujiulize: kama shangazi angaliishia katika swali la kwanza, habari ya ugonjwa ingalitokea wapi? Kijana angalilazimika kuitoa mwenyewe bila kuulizwa, jambo ambalo kwa mdogo mbele ya mkubwa ni zito, au angalikaa nayo mpaka wakati wa kuaga. Swali la pili, la tatu na la nne ni nafasi alizopewa, moja baada ya nyingine, na kila moja yafika karibu zaidi na mahali penye kidonda: kwanza yeye mwenyewe, kisha watoto, kisha mji, kisha mama. Hayo si marudio. Ni mtu anayeizunguka nyumba akitafuta mlango ulio wazi.

Maneno yanayofanya kazi ya "kidogo" ni mengi, na yastahili kukusanywa na kupangwa na wachunguzi wa lugha. Yupo asemaye "njema, ila..." akanyamaza. Yupo asemaye "tunashukuru Mungu" kwa sauti iliyoshuka. Yupo asemaye "hivyohivyo," au "tunaendelea," au "nzuri kiasi." Kila moja ya hizo ni jibu lililoachwa na mwanya, na kila mwanya hungoja swali jingine. Asiyeuliza tena hajatukana mtu, lakini amepitwa na nafasi aliyopewa.

Mwenendo huohuo wa kutoa nafasi zaidi ya moja waonekana katika hodi, inayotangulia salamu. Adabu ya pwani, iliyochukua mengi katika mafundisho ya Kiislamu kuhusu kuomba ruhusa, ni kwamba mgeni hupiga hodi hata mara tatu. Asipoitikiwa hurudi zake bila kinyongo. Hodi ya kwanza yaweza kumkuta mwenye nyumba yuko uani, au anasali, au hakusikia. Hodi ya pili humpa wasaa. Hodi ya tatu humwondolea mgeni lawama ya kwamba hakujaribu, na humwondolea mwenyeji lawama ya kwamba alikataa, kwa kuwa kila mmoja aweza kudhani kwamba mwenziwe hakuwapo. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba kimya cha mara ya kwanza hakihesabiwi kuwa jibu. Watu wawili waliokosana waweza kukutana tena kesho yake bila mmoja wao kuwa amefukuzwa mlangoni.

Iko na salamu nyingine inayodhihirisha jambo hili kwa uwazi zaidi, nayo ni ile anayoambiwa mtu asiyeonekana siku nyingi: "Umepotea!" Kwa umbo lake ni shutuma. Msemaji amshitaki mwenziwe kwamba ameuacha ujirani, na kwa kawaida mashitaka hutaka utetezi. Lakini jibu lake si utetezi. Mwenziwe husema tu, "Nipo," au hurudisha mchezo kwa kusema, "Mimi nipo, wewe ndiwe uliyepotea." Wote wawili hucheka, na ule muda uliopita bila kutembeleana huwa umetajwa na kusamehewa katika pumzi moja. Hakuulizwa mtu sababu, wala hakulazimishwa kusema samahani. Mtu asiyeijua lugha akiitafsiri salamu hii neno kwa neno atadhani ameshuhudia ugomvi, hali ameshuhudia upatanisho mdogo wa kila siku.

Mkubwa naye ana njia yake ya kumpa mdogo nafasi ya pili. Kwa desturi mdogo ndiye aanzaye kwa shikamoo. Mdogo akipita bila kuamkia, mkubwa aweza kumwacha aende na kosa lake, na kuyachukua maneno hayo mpaka kwa wazazi. Lakini aghalabu husikika akisema, "Leo hatuamkiani?" au "Mbona wanipita, baba?" Kumwita kijana "baba" au binti "mama" katika hali hiyo ni kumpandisha cheo wakati uleule wa kumkosoa. Kijana hurudi hatua mbili, hutoa shikamoo yake, hupokea marahaba, na kosa huwa limefutika. Wapo wahakiki walioiona shikamoo kuwa alama ya ubwana na utwana tu, kwa kuwa asili yake ni kushika miguu. Asili hiyo haikanushiki. Hata hivyo, uhakiki unaoishia katika asili ya neno hauoni kazi ya neno. Katika mfano huu mkubwa ndiye aliyeshuka, akaanza yeye, ili mdogo asibaki na aibu.

Hayo yote yahusu watu wanaojuana. Kibaha huleta shida nyingine. Mtu aliyesimama kituoni Maili Moja akingoja gari, au aliyekaa katika foleni ya hospitali ya Tumbi, hawezi kumwuliza mgeni habari za shangazi yake, kwa kuwa hamjui shangazi huyo. Swali lake la pili hubadilika likawa, "Kwani wewe ni mtu wa wapi?" Katika lugha nyingine swali hili laweza kuwa la upelelezi. Katika mazungumzo ya Watanzania mara nyingi ni ufunguo wa utani. Mgeni akisema kwamba yeye ni Msukuma au Mnyamwezi, Mzaramo aliye mbele yake huwa amekwisha kumpata mtani. Papo hapo huanza maneno ambayo kama yangalisemwa na mtu mwingine yangalikuwa matusi, na watu wawili waliokuwa wageni huwa wana haki na wajibu juu ya mwenzake.

Utani umechunguzwa na wataalamu kwa muda mrefu. A. R. Radcliffe-Brown mwaka 1940 alieleza kwamba uhusiano wa namna hiyo ni mchanganyiko wa urafiki na uadui, na R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, aliandika mwaka 1944 juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Chimbuko lake limeelezwa mara kwa vita vya zamani, mara kwa misafara ya biashara iliyowapitisha watu wa bara katika nchi za pwani. Kwa vyovyote, maelezo hayo mawili yakubaliana katika jambo moja: penye utani palikuwa na sababu ya watu kuogopana, na sababu hiyo haikufichwa bali iligeuzwa kuwa mzaha. Wataalamu hao walitazama utani kama taasisi ya makabila. Mwanafunzi wa lugha hana budi kuongeza kwamba mlango wa kuingilia katika taasisi hiyo ni salamu iliyoendelea baada ya jibu la kwanza. Waliosalimiana mara moja tu wakageuza nyuso hawatajua kamwe kwamba walikuwa watani.

Kwa hiyo kazi ya swali la pili ni moja katika mahali pote pawili, ingawa umbo lake ni tofauti. Kisarawe hufungua jambo lililokuwa limefichwa kati ya watu wanaojuana. Kibaha huumba ujirani mahali ambapo haukuwapo. Katika kila hali mtu hupewa nafasi ya kuwa karibu na mwenziwe baada ya nafasi ya kwanza kupita bila matunda.

Zaweza kutolewa hoja mbili za kupinga. Ya kwanza ni kwamba desturi hii ni unafiki: kwa nini mtu aseme njema hali mambo si mema, kisha ageuke na kueleza taabu? Jibu ni kwamba mwenye taabu ndiye mwenye haki ya kuchagua nani amweleze na wakati gani. "Njema" ya kwanza humlinda dhidi ya kila mpita njia. Mfiwa angelazimika kueleza msiba wake kwa kila amwambiaye hujambo, asingefika kisimani. Maswali yanayofuata humchuja msikilizaji. Anayeuliza mara moja amefanya adabu. Anayeuliza mara tatu amejitolea kusikiliza. Hoja ya pili ni kwamba salamu ndefu hupoteza wakati wa kazi. Hoja hii ina uzito wake katika ofisi na hospitali, na hapana ajuaye foleni atakayeibeza. Lakini yapasa kupima pande zote mbili. Muuguzi ambaye hakuuliza mara ya pili aweza kuandika kwamba mgonjwa hajambo, kwa sababu mgonjwa mwenyewe alisema hivyo.

Husemwa pia kwamba vijana wameiua desturi hii kwa "mambo" na "poa" zao. Hukumu hiyo yataka subira. Ni kweli kwamba "poa" imefunga kama "sijambo" ilivyofunga. Lakini hiyo si dalili ya uharibifu, kwani swali la kwanza siku zote lilikuwa la kufunga. Kipimo cha haki ni kusikiliza kinachofuata. Kijana asemaye "Mambo?" akaitikiwa "Poa," kisha akauliza, "Vipi home?" na kujibiwa, "Kawaida tu," ametumia maneno ambayo bibi yake hayapendi, kwa mpango uleule alioufuata bibi yake. Pale ambapo swali la pili limekosekana kabisa, kama katika ujumbe mfupi wa simu uanzao kwa "mambo" na kuomba fedha katika sentensi ileile, hapo ndipo pana hasara ya kweli, na hasara hiyo haitokani na msamiati.

Lililobaki ni la wahakiki wenyewe. Katika ushairi, kibwagizo kinachorudi mwisho wa kila ubeti hakuna amwitaye marudio matupu. Kila mwanafunzi hufundishwa kwamba maneno ni yaleyale lakini maana imeongezeka, kwa kuwa beti zilizotangulia zimekwisha kuyajaza. Ni ajabu kwamba jicho hilohilo hufumbwa linapoitazama lugha ya mazungumzo. Wanaonukuu hadithi za wazee mara nyingi huanza kuandika baada ya maamkizi kwisha, wakidhani kwamba hapo ndipo penye fasihi. Waandishi wa tamthilia nao huona salamu kuwa mzigo wa jukwaa, wakawafanya wahusika wao waingie na kusema shida zao mara moja, kama watu waliofundishwa Kiswahili kwa kitabu. Mtazamaji wa Maneromango huona kwamba kuna kitu kimepungua, ingawa pengine hatakitaja: hakuna aliyeulizwa mara ya pili.

Yafaa basi salamu ziandikwe nzima na kila akusanyaye mazungumzo, pamoja na vimya vyake, sauti zilizoshuka, na majibu yaliyoachwa na mwanya. Vitabu vya kufundishia wageni vieleze kwamba "sijambo" si habari bali ni kibali, na vimfundishe mwanafunzi kusikiliza "kidogo" na "ila." Kamusi ziongeze, chini ya "potea," ile maana ya kumkaribisha mtu aliyeadimika. Na kwa kuwa Kisarawe na Kibaha ziko karibu na Chuo Kikuu kiasi kwamba mchunguzi aweza kwenda asubuhi na kurudi jioni, hapana udhuru wa kuiacha kazi hiyo. Wazee wanaojua maamkizi marefu ya Uzaramo wangali wapo, na wakipigiwa hodi watasema karibu.